Maniema: kitu cha mchezo wa simu kikigeuzwa tokeni, nani anabaki na mali?

Kijana wa Kasongo anayecheza mpira au vita kwenye simu anaweza kumaliza miezi akitafuta silaha, mavazi au wachezaji ambao wenzake hawana. Akishavipata, vina bei. Wapo wenzake walio tayari kuvilipia kwa M-Pesa au Airtel Money. Swali ni hili: vitu hivyo vikigeuzwa kuwa tokeni za blokucheni, kama wanavyohubiri wauzaji wa teknolojia hiyo, je, kijana huyo anakuwa mwenye mali ya kweli, au amenunua karatasi tu?

Kwa mtu wa Kinshasa au Nairobi, swali hili linaweza kuonekana la kitoto. Kusini mwa Maniema si hivyo. Katika wilaya za Kasongo na Kabambare, ambako watu wengi wanaishi kwa shamba, uchuuzi na madini, dola 10 ni pesa ya karo, ya dawa, au mtaji mdogo wa sokoni. Mwenye simu ndogo na kiu ya kazi ndiye anayelengwa na matangazo ya WhatsApp na Telegram yanayosema: cheza, kusanya, uza, utajirike. Akikosea, hasara yake haiishii kwenye mchezo.

Jibu la uchambuzi huu ni fupi. Tokeni ni risiti. Ni risiti nzuri, ngumu kughushi, lakini inabaki risiti. Kitu chenyewe kinakaa kwenye seva za kampuni iliyotengeneza mchezo, na kampuni ndiyo inayoamua kama risiti itaheshimiwa. Kampuni ikikubali wachezaji wauziane, blokucheni haina kazi kubwa ya kufanya. Kampuni ikikataa, blokucheni haina nguvu ya kuilazimisha. Tuone kwa nini.

Biashara ilivyo leo

Michezo inayopendwa kwenye simu za bei nafuu, kama Free Fire ya kampuni ya Garena na eFootball ya Konami, haina kiingilio. Kampuni inapata pesa kwa kuuza vitu vya ndani: almasi, sarafu, mavazi, wachezaji adimu. Mchezaji anatoa pesa ya kweli na kupata almasi ya mchezo, lakini almasi hiyo hairudi kuwa pesa. Mlango ni wa kuingilia tu.

Kwa kuwa mlango wa kutokea haupo, watu wanapitia dirishani: wanauza akaunti nzima. Muuzaji anatoa jina la kuingilia na neno la siri, mnunuzi anatuma pesa kwa simu. Kanuni za kampuni nyingi zinakataza biashara hiyo. Udanganyifu wake unajulikana kila nchi. Muuzaji aliyefungua akaunti kwa namba yake au barua pepe yake anaiandikia kampuni, anadai kwamba amesahau neno la siri, naye anarudishiwa akaunti. Mnunuzi anabaki mikono mitupu. Hawezi kuilalamikia kampuni, maana naye alivunja kanuni. Na akienda kwa polisi ataeleza nini, kwamba ameibiwa bunduki ya mchezo?

Hapo ndipo watu wa blokucheni wanapoingia. Wanasema: tukiandika kila silaha na kila vazi kwenye daftari ambalo hakuna anayeweza kulifuta, muuzaji hataweza kurudi usiku kuchukua alichouza mchana. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na inafaa kuelewa inavyofanya kazi kabla ya kuipima.

Daftari la wote

Fikiria likelemba ya akina mama kumi na wawili sokoni. Kwa kawaida katibu mmoja anashika daftari, na wote wanamtegemea. Daftari likipotea, au katibu akiandika uongo, ugomvi unaanza. Sasa tuseme kila mama ana daftari lake. Kila mchango unatangazwa mbele ya wote, na wote wanaandika mstari uleule siku ileile. Mmoja akifuta mstari kwake, madaftari kumi na moja yanamsuta.

Hiyo ndiyo blokucheni: daftari moja lililonakiliwa kwenye kompyuta nyingi, na kila ukurasa mpya umefungwa kwenye ukurasa uliotangulia, hivyo kubadili mstari wa zamani kunaonekana mara moja. Tokeni ni mstari katika daftari hilo unaosema: kitu namba fulani ni cha fulani. Tokeni za aina ya NFT ni zile ambazo kila moja ina namba yake pekee, kama namba ya fremu ya pikipiki. Anayemiliki ni yule mwenye ufunguo wa siri wa pochi ya kidijitali. Akitaka kuuza, anatia sahihi kwa ufunguo huo, na mstari mpya unaandikwa kwa jina la mnunuzi.

Kwa hiyo tokeni inajibu vizuri swali moja: nani ameandikwa kuwa mwenye kitu. Tatizo la muuzaji anayerudi kudai akaunti yake linapungua sana. Lakini mnunuzi ana swali la pili, nalo ndilo zito: kitu chenyewe kiko wapi, na nani amekishika?

Daftari la Kinshasa na shimo la Salamabila

Watu wa Kabambare hawahitaji mwalimu wa kuwafundisha tofauti kati ya kuandikwa kwenye daftari na kushika mali. Vibali vya kuchimba madini nchini vinaandikwa Kinshasa, kwenye daftari la Cadastre Minier, CAMI. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, karibu na Salamabila, ulikuwa na hati zake. Kampuni ya Banro kutoka Kanada ilitangaza uzalishaji wa kibiashara huko mwaka 2016. Lakini juu ya ardhi ileile kulikuwa na wachimbaji wadogo waliosema kwamba huko ndiko walikokuwa wakipata riziki, na kulikuwa na kundi la Mai-Mai Malaika lenye bunduki. Mwaka 2019 kampuni ilisimamisha kazi.

Mgodi haukusimama kwa sababu mtu alifuta mstari Kinshasa. Ulisimama kwa sababu ya mambo ya usalama na pesa, ambayo hayaandikwi kwenye daftari la vibali. Hata kama daftari hilo lingekuwa la blokucheni, lenye nakala elfu moja duniani kote, Salamabila ingebaki ilivyokuwa.

Katika mchezo wa simu, seva ndiyo shimo. Picha ya bunduki, nguvu yake, uwanja ambamo inapigwa, wachezaji wa kupigana nao: vyote viko kwenye kompyuta za kampuni. Tokeni iliyoko kwenye pochi yako haina bunduki ndani yake. Ina namba tu, na namba hiyo inaiambia seva: mwenye mimi apewe bunduki ile. Seva ikitii, una bunduki. Isipotii, una namba.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na mikono ya wachimbaji. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, magunia ya kasiterite na koltani ya Maniema yamekuwa yakifungwa vibandiko vyenye namba chini ya mpango wa iTSCi, ili mnunuzi wa mbali ajue madini yametoka shimo gani. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilidai kwamba mashariki ya Kongo vibandiko hivyo vilitumika pia kusafisha madini ya mashimo mengine. iTSCi ilikanusha. Hatuamui hapa nani ana haki. Linalotuhusu ni jambo ambalo kila mchimbaji analijua: namba ya kibandiko inaweza kuwa sahihi, daftari linaweza kuwa safi, na bado kilichomo ndani ya gunia kimewekwa na mkono wa mtu. Nchini Rwanda, tangu 2018, kampuni ya Circulor ya Uingereza imetumia blokucheni kufuatilia tantali. Huko pia daftari linalinda kilichoandikwa. Haliwezi kujua kama aliyeandika alisema kweli.

Yaliyowapata walionunua

Haya si maneno ya nadharia. Mwaka 2019 kampuni ya Animoca Brands ilianzisha mchezo wa mbio za magari, F1 Delta Time, ambamo magari yalikuwa tokeni za NFT. Gari moja liliuzwa mwaka huohuo kwa zaidi ya dola 100 000. Machi 2022 mchezo ulifungwa, kwa kuwa kibali cha kutumia jina la Formula 1 hakikuendelea. Tokeni zilibaki kwenye pochi za watu, hakuna aliyeziiba, daftari halikufutwa. Lakini hapakuwa tena na barabara ya kuendeshea magari hayo. Kampuni iliwapa wateja vitu vya michezo yake mingine kama fidia, na hilo lenyewe linaonyesha nani alikuwa na uamuzi mkononi.

Upande wa pili, angalia mchezo wa Counter-Strike wa kampuni ya Marekani, Valve. Kwa zaidi ya miaka kumi, wachezaji wake wameuziana mavazi ya bunduki na visu kwenye soko la kampuni lenyewe, bila blokucheni yoyote. Kampuni inashika daftari, inakata asilimia 15 ya kila mauzo, na biashara inaendelea. Kumbe kuuziana vitu vya mchezo kunawezekana bila tokeni, mradi mwenye seva ameruhusu.

Lakini Oktoba 2025 Valve ilibadili kanuni moja tu: vitu vitano vya daraja la rangi nyekundu vikaweza kubadilishwa kuwa kisu au glavu, vitu ambavyo kabla ya hapo vilikuwa adimu sana. Bei za visu zikaanguka. Kwa makadirio ya wanaofuatilia soko hilo, thamani yake ilishuka kwa zaidi ya dola bilioni 1 ndani ya siku chache. Hakuna aliyenyang'anywa kisu chake. Kila mtu alibaki na alichokuwa nacho, na bado wengi walipoteza. Je, tokeni ingewaokoa? Hapana. Tokeni ingethibitisha kwamba kisu ni chako. Isingeizuia kampuni kutengeneza visu vingine.

Kampuni nyingine zimeona kwamba biashara ikizidi, mchezo wenyewe unakufa. Mwaka 2012 Blizzard ilifungua soko la pesa za kweli ndani ya Diablo III. Machi 2014 ililifunga, ikisema kwamba linaharibu utamu wa mchezo: badala ya kupigana ili kupata silaha, watu walikwenda kununua. Kuhusu blokucheni, Valve ilikataza michezo ya tokeni kwenye duka lake la Steam Oktoba 2021, na Mojang, wenye Minecraft, walikataa NFT Julai 2022. Kampuni kubwa zikifunga mlango, tokeni inabaki kwa michezo midogo yenye wachezaji wachache na maisha mafupi. Ile ahadi kwamba upanga ulionunua katika mchezo mmoja utauingiza katika mchezo mwingine imebaki ahadi, kwa sababu kila mchezo una vipimo vyake, na hakuna kampuni inayopenda kuheshimu risiti ya duka la jirani bila kulipwa.

Thamani ni kukubaliwa

Historia yetu inalijua jambo hili. Mwingereza Cameron alipofika Nyangwe mwaka 1874, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Kasongo, alikuta soko lenye sarafu zake: kauri, mbuzi, na kwa aibu ya zama zile, watumwa. Msafiri mwenye mizigo ya shanga zisizopendwa hapo aliweza kulala njaa akiwa na mali begani.

Wazee wanakumbuka pia Desemba 1979, Mobutu alipofuta noti za zaire 5 na 10. Watu walipewa siku chache za kubadilisha. Waliokuwa mbali na benki walibaki na karatasi halisi, zisizo za kughushi, ambazo hazikununua hata chumvi. Mwaka 1993 ilipotoka zaire mpya, watu wa Kasai waliikataa na kuendelea na noti za zamani, na noti hizo ziliendelea kununua kwa sababu watu walizikubali. Hadi leo, peleka dola iliyochanika pembeni sokoni uone. Ni dola halali, lakini nani ataipokea?

Tokeni ya mchezo inaishi kwa kanuni hiyohiyo. Inahitaji watu wa aina mbili waikubali: kampuni yenye seva, na wachezaji wanaotaka kununua. Mmoja akiondoka, biashara imekwisha.

Kivuli cha Bindo

Kuna hatari nyingine, nayo ndiyo inayogusa maskini zaidi: mchezo unaogeuzwa kuwa kazi. Mwaka 2021 mchezo wa Axie Infinity, wa kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam, ulisifiwa duniani. Nchini Ufilipino, wakati wa korona, watu waliacha kazi nyingine ili kucheza. Ili kuanza ulihitaji wanyama watatu wa kidijitali, na bei yao ilifika mamia ya dola. Asiyekuwa na pesa aliazimwa wanyama na tajiri na kugawana naye mapato. Malipo yalikuwa tokeni iitwayo SLP, ambayo katikati ya 2021 ilifika zaidi ya senti 30 za dola.

Pesa hizo zilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa zilitoka kwa wachezaji wapya walionunua wanyama ili nao waanze. Wapya walipopungua, waliokuwa ndani wote walitaka kuuza na hakuna aliyetaka kununua. Katikati ya 2022 SLP ilikuwa chini ya senti 1. Kabla ya hapo, Machi 2022, wezi wa mtandao walivunja mfumo wa Ronin uliobeba mchezo huo na kuiba zaidi ya dola milioni 600. FBI ya Marekani ilisema ni kundi la Lazarus la Korea Kaskazini. Wezi hawakuvunja hesabu za blokucheni. Walipata funguo tano kati ya tisa za wale waliopewa kazi ya kuidhinisha malipo. Katika likelemba yetu, ni sawa na kuwashika mama saba kati ya kumi na wawili.

Mkongo mwenye umri wa kutosha akisikia habari hiyo atataja jina moja: Bindo. Mwaka 1991, Kinshasa, watu waliweka akiba zao kwa Bindo Promotion wakitarajia faida ya haraka, na wa kwanza walilipwa kwa pesa za waliofuata, mpaka siku mambo yaliposimama. Si kila mchezo wa tokeni ni Bindo. Lakini swali la kuuliza ni lilelile: anayenilipa anapata pesa wapi, kwa mtu anayefurahia mchezo, au kwa mtu anayetumaini kulipwa kama mimi?

Wimbi la karibuni lilipita kwenye Telegram. Mwaka 2024 mamilioni ya watu, Afrika wakiwemo, waligonga vioo vya simu zao miezi mingi katika Hamster Kombat. Tokeni yake ilitoka Septemba 26, 2024, kwa bei ya karibu senti 1 ya dola. Ndani ya miezi michache ilikuwa chini ya nusu ya hapo. Mchezo huo haukudai kiingilio. Lakini kwa mtu anayenunua mega na kulipia kuchaji simu kwenye sola ya jirani, kugonga kioo miezi mitano nako kuna gharama.

Ufunguo na kadi ya uchaguzi

Tuseme basi kwamba kampuni ni ya kweli na mchezo unapendwa. Bado kuna hesabu ya Kasongo. Ukituma pesa kwa Airtel Money kwenye namba yenye makosa, una mahali pa kuanzia: wakala kwenye kabini, kisha ofisi ya kampuni ya simu. Si kila mara unafanikiwa, lakini mlango upo. Ukipoteza simu, unaenda na kadi yako ya uchaguzi, namba inarudishwa na pesa zako zinakusubiri.

Pochi ya blokucheni haina kabini. Ina maneno 12 au 24 ya siri ambayo wewe mwenyewe unatakiwa kuyaandika na kuyatunza. Yakipotea, mali imepotea. Mtu akiyaona, au ukimpa anayejifanya fundi wa kukusaidia, mali imehama, na lile daftari lisilofutika sasa linamlinda mwizi. Sifa ileile inayomzuia muuzaji asirudi kudai akaunti inamzuia pia aliyeibiwa asirudishiwe.

Halafu kuna njia ya kutoka faranga hadi tokeni na kurudi. Zamani ada za mtandao wa Ethereum peke yake ziliweza kuzidi bei ya kitu chenyewe. Siku hizi ipo mitandao ambayo ada yake ni senti chache, kwa hiyo hoja hiyo imepungua nguvu. Iliyobaki ni ya watu wa kati: anayekubadilishia faranga kuwa dola, dola kuwa sarafu ya mtandao, sarafu kuwa tokeni. Kila mmoja anakata chake. Kwa kitu cha dola 3, safari ya kwenda na kurudi inaweza kula faida yote.

Pale ambapo tokeni ina maana

Haki inataka tuseme pia upande wa pili. Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, benki zilifunga milango, na watu walijionea thamani ya njia za kutuma pesa zisizotegemea jengo. Wapo wanaosema sarafu za mtandao ni njia mojawapo. Hoja hiyo inafaa kujadiliwa inapohusu pesa ya chakula kutoka kwa ndugu aliye ng'ambo. Haihalalishi kununua upanga wa mchezo.

Mfano bora wa Kikongo uko Lusanga, jimbo la Kwilu. Mwaka 2022 ushirika wa wasanii na wafanyakazi wa mashamba, CATPC, ulitoa NFT za sanamu ya Balot, iliyochongwa mwaka 1931 wakati wa uasi wa Wapende na ambayo sasa ni mali ya jumba la makumbusho la Virginia, Marekani. Waliuza tokeni hizo ili wanunue ardhi. Mnunuzi alijua anachonunua: anaunga mkono madai na ardhi, hanunui sanamu. Kwa hilo tokeni ilifanya kazi. Lakini sanamu yenyewe ilifika Lusanga mwaka 2024 kwa mkopo, baada ya makumbusho kukubali. NFT haikuileta. Aliyeshika kitu ndiye aliyefungua mlango.

Kwa hiyo tokeni inaweza kuwa na maana pale ambapo kitu kimo ndani ya daftari lenyewe, au pale kampuni kadhaa zimesaini mkataba wa kuheshimu risiti moja, au pale msanii anauza kazi yake mwenyewe moja kwa moja. Kijana wa Kasongo anayejua kuchora au kutengeneza muziki wa michezo ana nafasi huko, kama muuzaji wa jasho lake. Nafasi ya anayenunua akingoja bei ipande ni nyembamba zaidi.

Maswali matano kabla ya kutoa pesa

Mzazi, mwalimu au kiongozi wa vijana anayeulizwa kuhusu mambo haya hahitaji kuwa fundi wa kompyuta. Anaweza kumwambia kijana aulize hivi. Kwanza, seva ikizimwa kesho, nitabaki na nini ninachoweza kukitumia? Pili, kanuni za mchezo zinaruhusu kuuza, na zimeandikwa wapi? Tatu, nani anaweza kutengeneza vingine kama hiki, na vingapi? Nne, nikitaka faranga zangu leo jioni, nitapita kwa watu wangapi na nitabaki na kiasi gani? Tano, nikidanganywa, nitamlalamikia nani mwenye jina na ofisi?

Kwa wanaouza na kununua akaunti hata hivyo, ushauri ni wa kawaida kabisa: fanyeni biashara na mtu mnayemjua, mbele ya shahidi, na mtunze ujumbe wa malipo ya simu. Kongo ina sheria ya mambo ya kidijitali tangu Machi 2023, na maandishi ya kielektroniki yana nafasi yake kama ushahidi. Shahidi wa mtaani na ujumbe wa M-Pesa vinaweza kumsaidia mnunuzi wa Kasongo kuliko tokeni ya mchezo ambao kampuni yake haina hata namba ya simu nchini.

Kampuni za michezo nazo zina deni. Zinapokea pesa za vijana wa Afrika kwa kila almasi, lakini haziwapi njia halali ya kuuziana. Soko dogo ndani ya mchezo, lenye kanuni wazi na malipo yanayokubali pesa za simu zetu, lingepunguza udanganyifu kuliko tokeni yoyote. Teknolojia ya kulifanya ipo tangu zamani. Kinachokosekana ni nia ya wenye seva, na nia hiyo hakuna daftari linaloweza kuiandika kwa niaba yao.